DFT, MD, KMC, DDD au uga wa awamu? Kuchagua mbinu ya kuiga kasoro za fuwele ukiwa na kompyuta moja Dodoma

Treni ya umeme ya SGR inayotoka Morogoro kuja Dodoma huchota umeme wa kilovolti 25 kwenye waya uliotandazwa juu ya reli. Waya wa kazi hiyo hutengenezwa kwa shaba, au kwa shaba iliyochanganywa na kiasi kidogo cha fedha, bati au magnesi. Shaba iliyolainishwa kwa moto hupindika kwa urahisi. Uimara wa waya unatokana na kasoro zilizojazwa ndani ya fuwele zake unapovutwa kiwandani. Kuna mapengo, yaani mahali palipokosa atomu. Kuna atomu za kigeni. Kuna dislokesheni, yaani mistari ambayo mpangilio wa safu za atomu umevurugika ndani ya fuwele. Na kuna mipaka ya punje, pale fuwele mbili zenye mielekeo tofauti zinapokutana.

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuiga kasoro hizo kwa kompyuta hukuta orodha ndefu ya mbinu, na wengi huchagua programu kabla ya kuchagua swali. Waya huohuo mmoja unazaa maswali matano yenye majibu kwenye ngazi tofauti. Atomu ya fedha inashikana na pengo kwa nishati kiasi gani? Hiyo ni kazi ya DFT, inayokokotoa nishati kutokana na msongamano wa elektroni. Dislokesheni ikifika kwenye mpaka wa punje, inapita au inakwama? Hapo ni mienendo ya molekuli, MD, inayofuata mwendo wa kila atomu. Mapengo yatachukua muda gani kukusanyika waya ukiwa kwenye nyuzi 60? Monte Carlo ya kinetiki, KMC. Waya unaongezekaje ugumu kadiri unavyovutwa? Mienendo ya dislokesheni, DDD, au plastisiti ya fuwele, inayokokotoa punje nzima badala ya mstari mmoja mmoja. Punje zinakuaje waya ukipata moto? Uga wa awamu, unaochora mipaka ya punje kama ukanda laini bila kufuata atomu.

| Mbinu | Ukubwa wa kawaida | Muda inaoufuata | Programu huria |
|---|---|---|---|
| DFT | atomu 50 hadi 300 | hutoa nishati, si muda | Quantum ESPRESSO |
| MD | atomu maelfu hadi milioni kadhaa | nanosekunde | LAMMPS |
| KMC | kimia chenye mapengo mengi | sekunde hadi miaka, kutegemea vizingiti | SPPARKS |
| DDD | mikromita 1 hadi 20 | mikrosekunde | ParaDiS |
| Uga wa awamu | mikromita chache hadi mamia | dakika hadi saa | MOOSE |

Jedwali hili ni la kuanzia tu. Mtu akilisoma peke yake atadhani uamuzi ni wa ukubwa, wakati kinachoamua mara nyingi ni muda.

Hesabu mbili za kalamu

Chukua pengo moja ndani ya shaba. Ili atomu jirani iingie kwenye pengo hilo, inabidi ivuke kizingiti cha nishati cha karibu 0.69 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati ya atomu). Atomu hutikisika takriban mara 10¹³ kwa sekunde, na uwezekano wa kuvuka katika kila mtikisiko ni exp(−E/kT), E ikiwa kizingiti, k namba ya Boltzmann, na T joto kwa kelvini (K). Kwenye 300 K, kT ni 0.0259 eV, kwa hiyo kila jirani hufanikiwa kama mara 26 kwa sekunde. Majirani ni 12, jumla ni miruko 310 hivi kwa sekunde, yaani mruko mmoja kila milisekunde 3.

MD husonga kwa hatua za femtosekunde 1. Milisekunde 3 ni hatua trilioni 3. Kompyuta ya mezani yenye kori 8, ikitumia potenshali nyepesi ya metali (fomula inayotoa nishati na kani kati ya atomu), hufanya takriban atomu-hatua milioni moja kwa sekunde kwa kila kori. Kwa kisanduku kidogo cha atomu 4,000 utasubiri miaka kama 50 ili kuona mruko mmoja. Huko ni kutwanga maji kinuni.

Sasa pandisha joto hadi 1200 K, bado chini ya kiwango cha kuyeyuka cha shaba, 1358 K. Kizingiti ni kilekile, lakini mruko unatokea kila pikosekunde 7 au chini kidogo. Nanosekunde moja ya MD itakuonyesha miruko kama 150, na hiyo ni kazi ya dakika kumi kwa mashine ileile. Kasoro ni ileile na metali ni ileile. Kilichobadili mbinu inayofaa ni joto.

Hesabu ya pili ni ya ukubwa. Nanomita moja ya ujazo ya shaba ina atomu 85. Mchemraba wenye upande wa nanomita 20 una atomu 680,000, na hiyo inawezekana. Mchemraba wa mikromita 1 una atomu bilioni 85. Punje za waya wa kawaida hupimwa kwa mikromita, kwa hiyo swali lolote linalohusu punje nyingi kwa pamoja linaondoka mikononi mwa mbinu za atomu moja moja.

Fanya hesabu hizi mbili kwa kasoro yako kabla ya kupakua chochote.

DFT: ghali, lakini haikuombi potenshali

Faida kubwa ya DFT ni kwamba huhitaji mtu awe ameshakutengenezea potenshali ya metali yako. Unahitaji faili za potenshali bandia za kila elementi (zinawakilisha kiini na elektroni za ndani, si kani kati ya atomu), na mkusanyo wa SSSP unazo zilizokwisha kupimwa. Hasara ni gharama: kazi hukua kwa mchemraba wa ukubwa, kwa hiyo kuzidisha atomu mara mbili ni kuzidisha muda mara nane.

Kwa anayeanza, alumini ni bora kuliko shaba. Haiko mbali na maisha ya hapa pia, maana nyaya za njia kubwa za umeme, kama ile ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Singida na Shinyanga, ni za alumini. Atomu ya alumini inaingiza elektroni 3 kwenye hesabu; ya shaba, ukihesabu na zile za d, inaingiza 11. Seli (kisanduku cha atomu kinachojirudia pande zote) ya atomu 108 ina elektroni 324 kwa alumini na 1,188 kwa shaba. Kwa kanuni ya mchemraba, tofauti hiyo peke yake ni karibu mara 50.

Utaratibu wa kupata nishati ya pengo ni huu. Anza na seli ya atomu 4. Pandisha kikomo cha nishati, `ecutwfc`, mpaka badiliko la nishati kwa kila atomu lishuke chini ya meV 1. Kisha ongeza nukta k, yaani sampuli za mawimbi ya elektroni, kwa kigezo hichohicho. Seli ya atomu 4 ikitulia kwenye 12×12×12, seli iliyorudiwa mara tatu kila upande (atomu 108) itahitaji 4×4×4. Kokotoa nishati ya seli kamili, ondoa atomu moja, acha 107 zilizobaki zitulie hadi kani kubwa kuliko zote iwe chini ya 0.01 eV kwa angstromu. Halafu:

E(pengo) = E(N−1) − [(N−1)/N] × E(N)

Vipimo vya maabara vinatoa karibu 0.67 eV kwa alumini na 1.27 eV kwa shaba, na jibu lako lisiwe mbali na hapo. Ukipata makumi ya eV au zaidi, umesahau kuzidisha kwa (N−1)/N. Jibu likiyumba kila unapobadili ukubwa wa seli, nukta k hazitoshi, au seli mbili ulizolinganisha hazina msongamano sawa wa nukta hizo. Hili la pili ndilo huharibu kazi nyingi, kwa sababu kila hesabu ikitazamwa peke yake inaonekana nzuri. Unatafuta tofauti ya sehemu ya mia ya eV kati ya namba mbili zenye maelfu ya eV. Makosa hufutana pale tu mipangilio yote inapofanana.

Metali inahitaji `occupations='smearing'`; bila hiyo mizunguko haitulii. Ikiendelea kupanda na kushuka hata baada ya hapo, shusha `mixing_beta` kutoka 0.7 hadi 0.3. Weka `conv_thr` kwenye 1e-8, maana ile ya kawaida ya 1e-6 ni legevu kwa kazi ya kasoro. Na kwa chuma, yaani kwa reli yenyewe na si waya, lazima uwashe usumaku kwa `nspin=2` na uipe kila aina ya atomu thamani ya kuanzia. Chuma kisicho na usumaku ndani ya DFT huchagua mpangilio tofauti kabisa wa fuwele, na kila nishati ya kasoro utakayotoa humo haina maana.

Kwa silikoni za paneli za jua kuna shimo jingine. Pengo la nishati la silikoni (nafasi kati ya ngazi za nishati za elektroni, si pengo la atomu) ni 1.12 eV kwenye joto la kawaida. Mkabala wa PBE, mojawapo ya fomula za makadirio ndani ya DFT, hutoa karibu 0.6. Kasoro yenye ngazi ya nishati ndani ya pengo hilo itaonekana mahali pasipo pake. Mkabala wa HSE06 hurekebisha sehemu kubwa ya tatizo, ila kwa gharama ya makumi ya mara. Kasoro ikiwa na chaji, kuna la ziada: mipaka ya kujirudia huifanya chaji ijione yenyewe kwenye seli jirani, na inabidi kusahihisha, kwa mfano kwa njia ya Freysoldt, Neugebauer na Van de Walle ya 2009. Ushauri wetu kwa mwenye kompyuta moja na mwaka mmoja wa tasnifu: usianze na kasoro zenye chaji.

MD: potenshali ndiyo kila kitu

LAMMPS inawekwa kwa dakika chache na inaenda vizuri hata kwenye laptop. Urahisi huo ndio unaopotosha. Programu itakokotoa chochote utakachoipa, na ubora wa jibu unaishia kwenye ubora wa potenshali.

Kwa metali nyingi mbinu ya EAM, iliyoletwa na Daw na Baskes kati ya 1983 na 1984, bado ndiyo ya kuanzia. Faili zake zinapatikana kwenye hazina ya NIST. Kwa shaba, potenshali ya Mishin na wenzake ya 2001 inatumika sana kwa sababu inarudisha vizuri vitu vinavyohusu kasoro: nishati ya pengo 1.27 eV, kizingiti cha kuhama 0.69 eV, na nishati ya kosa la mpangilio wa tabaka ya millijuli 44 kwa mita ya mraba. Namba ya mwisho ndiyo ya kuangalia kwanza ikiwa unaiga dislokesheni, kwa kuwa inaamua dislokesheni ya shaba itagawanyika vipande viwili vilivyo mbali kiasi gani. Potenshali inayotoa nusu ya thamani hiyo itakupa vipande vilivyoachana karibu mara mbili, na kila mgongano utakaouiga utakuwa wa metali isiyokuwepo. Kwa silikoni EAM haifai. Tumia Stillinger–Weber au Tersoff. Kwa oksidi unahitaji potenshali yenye chaji.

Kwa mfano wa dislokesheni inayokutana na mpaka wa punje, jenga fuwele mbili kwa Atomsk, punguza nishati, kisha acha mfumo utulie pikosekunde 20 hadi 50 kwenye joto lako kabla ya kuanza kuvuta. Kwenye `units metal` hatua ya 0.001 ni femtosekunde moja. Kidhibiti joto cha Nosé–Hoover kipe muda wa hatua 100 hivi, cha mkandamizo hatua 1,000. Matokeo yatazame kwa OVITO. Kipengele chake cha DXA hukutolea mistari ya dislokesheni na vekta zake za Burgers, yaani ukubwa na mwelekeo wa mvurugiko wa kila mstari.

Ujumbe wa `Lost atoms` karibu kila mara una chanzo kimoja kati ya viwili: atomu mbili zilianza zikiwa zimepandana kwenye mpaka wa punje, au hatua ya wakati ni kubwa mno. Futa zilizokaribiana chini ya angstromu 2, punguza nishati upya. Kosa la kimyakimya zaidi ni kuweka dislokesheni moja ndani ya kisanduku chenye mipaka ya kujirudia. Uga wake wa mkazo hufifia kwa 1/r tu, na jumla ya vekta za Burgers ndani ya kisanduku kama hicho lazima iwe sifuri. Weka jozi zenye alama kinyume, ikiwezekana nne kwa mpangilio wa pembe, au acha pande mbili wazi.

Halafu kuna kasi ya kuvuta. Ili kunyoosha shaba kwa asilimia 10 ndani ya nanosekunde moja unavuta kwa 10⁸ kwa sekunde. Mashine ya maabara huvuta kwa 10⁻³. Hizo ni ngazi 11 za kumi, na ndiyo sababu mkazo wa MD hutoka kwa gigapaskali pale maabara inapotoa mamia ya megapaskali. Tumia MD kuona jinsi tukio linavyotokea. Usiichukue namba yake ya uimara ukaiweka kwenye ripoti kama uimara wa waya.

Sasa mambo ya hapa. Mchemraba wa nanomita 20 kwa nanosekunde moja ni kazi ya karibu saa 24 kwenye kori 8. Umeme ukikatika saa ya 20 bila akiba, unaanza upya. Andika `restart 50000 a.restart b.restart`, ili faili mbili zibadilishane. Moja ikikatwa katikati ya kuandikwa, nyingine iko salama. Quantum ESPRESSO ni ngumu zaidi kwa hili, kwani ikizimika ghafla huwezi kutegemea kwamba itaendelea pale ilipoishia. Weka `max_seconds` ijifunge yenyewe kwa utaratibu na uendelee kwa `restart_mode='restart'`; ikikatika hata hivyo, chukua nafasi za mwisho za atomu kutoka kwenye faili la matokeo uanze nazo. UPS ndogo ya kukupa dakika kumi za kufunga kazi ina thamani kuliko kuongeza RAM. Vumbi la kiangazi nalo huziba feni, kichakataji kinapata joto na kupunguza kasi bila kukwambia. Kazi iliyokuwa ya saa 24 ikianza kuchukua 35, fungua boksi kabla ya kulaumu programu.

Usisahau diski. Kuhifadhi atomu 680,000 kila hatua 1,000 ni gigabaiti kama 27 kwa nanosekunde moja. Kila hatua 10,000 inatosha kwa kazi nyingi.

Potenshali za kujifunza kwa mashine, kama SNAP, ACE au MACE, zinakaa katikati: usahihi unakaribia DFT, gharama ni makumi hadi maelfu ya mara ya EAM. Ni nzuri sana pale mafunzo yake yalipohusisha kasoro unayoitaka. Iliyofundishwa kwa fuwele kamili peke yake itakupa namba za ajabu kwenye kiini cha dislokesheni, na haitakuonya.

KMC: muda mrefu kwa bei ndogo, ukiwa na vizingiti sahihi

KMC haifuati mitikisiko. Unaipa orodha ya miruko inayowezekana na kasi ya kila mmoja, inachagua mmoja kwa bahati nasibu yenye uzani, inasogeza saa, inarudia. Ndiyo pekee katika orodha hii inayoweza kufikia miaka kwenye joto la kawaida huku ikitambua kila pengo.

Gharama halisi iko kwenye vizingiti. Kwa kuwa kizingiti kimo ndani ya kipeo, kosa la 0.1 eV kwenye 300 K hubadili kasi mara 48. Kwenye 1000 K kosa hilohilo ni mara 3 tu. Kwa hiyo anayeiga joto la chini anahitaji vizingiti vya DFT kwa njia ya NEB (inayotafuta kilele cha nishati kwenye njia ya mruko), tena kwa kila ujirani tofauti: pengo lenye fedha jirani, lenye fedha mbili, na kuendelea. Anayeiga joto la tanuri anaweza kuridhika na vizingiti vya EAM.

Jambo la pili ni idadi ya mapengo ya kuanzia. Ukitumia usawa wa joto kwenye 300 K, ukiacha entropia, uwiano ni 5 kwa 10²²: gramu nzima ya shaba ingekuwa na mapengo manne au matano. Kwenye 1300 K ni 12 kwa kila atomu milioni. Waya uliovutwa una mapengo mengi kuliko usawa kwa sababu uvutaji wenyewe huyazalisha, hivyo idadi ya kuanzia itoke kwenye historia ya waya, si kwenye fomula ya usawa.

Na ukiona saa ya KMC haisogei ingawa hatua zinahesabika kwa mabilioni, kuna atomu inayoruka kwenda na kurudi kati ya hali mbili zenye kizingiti kidogo. Unganisha hali hizo mbili ziwe moja, la sivyo mashine itatumia wiki nzima kwenye mruko usio na maana.

DDD, na hesabu inayoweza kuifanya isihitajike

Shaba iliyovutwa sana ina dislokesheni za kiasi cha 10¹⁵ kwa mita ya mraba. Katika sentimita moja ya ujazo hiyo ni mistari yenye jumla ya kilomita milioni moja. DDD huacha atomu kabisa na kufuata mistari hiyo kama nyuzi zenye vifundo, zinazosukumana kwa nguvu za elastiki.

Kabla ya kuisakinisha, fanya hesabu ya Taylor: τ = αGb√ρ, ambapo τ ni mkazo wa kukata, α namba tupu, G ugumu wa metali dhidi ya kukatwa, b urefu wa vekta ya Burgers, na ρ msongamano wa dislokesheni. Weka α 0.3, G gigapaskali 48, b nanomita 0.256, ρ 10¹⁵. Utapata megapaskali 117 za kukata. Zidisha kwa kigezo cha Taylor cha 3.06, unapata karibu 357 za kuvuta. Hapo ndipo waya wa shaba uliovutwa unapoangukia. Swali lako likiwa ni uimara wa wastani tu, umemaliza kwa dakika tano.

DDD inastahili pale mpangilio wa mistari ni muhimu kuliko wingi wake: vitu vyembamba vya mikromita chache, au vizuizi vilivyotawanyika. Mchemraba wa mikromita 10 wenye 10¹² kwa mita ya mraba una mistari ya jumla ya milimita moja, na huo mashine moja inaumudu. Kwenye 10¹⁵ haiumudu. Kwa waya mzima wenye punje maelfu, nenda moja kwa moja kwenye plastisiti ya fuwele, kwa DAMASK, ukiwa na vipimo vya mielekeo ya punje.

Uga wa awamu tutaupitia haraka. Kwa kukua kwa punje unafaa sana, na mfano wa pande mbili unaweza kuuandika mwenyewe kwa Python badala ya kuhangaika na MOOSE. Kosa moja hurudi kila mara: upana wa mpaka ukiwa na vituo vya gridi chini ya vitano hivi, mpaka unanasa kwenye gridi na punje zinaacha kukua. Wengi huandika kwamba uchafu ndio umezizuia.

Kuunganisha ngazi: kwa kupokezana au kwa wakati mmoja?

Hapa ndipo wanafunzi hupotea, kwa kuwa maneno "ngazi nyingi" huwavuta kwenye mbinu za kuunganisha atomu na elementi finiti (vipande vya metali vinavyokokotolewa bila atomu) ndani ya hesabu moja. Maarufu kati ya hizo ni ile ya Tadmor, Ortiz na Phillips ya 1996, ambamo eneo la kasoro lina atomu kamili na mbali nalo atomu chache zinawakilisha nyingine zote. Ni kazi nzuri. Kwa mtu mwenye mashine moja, hatuipendekezi ila kwa sababu maalumu.

Tatizo liko kwenye mshono. Atomu iliyo kwenye mpaka inahesabu majirani kwa kanuni moja upande huu na kwa nyingine upande ule, na hutokea kani za uongo zinazoisukuma hata kwenye fuwele kamili isiyo na mzigo. Jaribio la kwanza la msimbo wowote wa aina hii ni hilo: fuwele kamili, mzigo sifuri, kani zisipokuwa sifuri, usiendelee. Kwenye joto kuna tatizo la pili. Mawimbi mafupi ya atomu hayawezi kuingia kwenye matundu makubwa ya elementi, yanarudi nyuma, na eneo la atomu linapata joto ambalo hukuliweka. La tatu ni dislokesheni inayotaka kutoka eneo la atomu kwenda nje. CADD, mbinu ya Shilkrot, Miller na Curtin ya kuunganisha atomu na mistari ya dislokesheni, ililishughulikia kwa pande mbili, lakini kwa pande tatu ni kazi ya kundi zima la watafiti.

Sababu maalumu ni ncha ya ufa. Mkazo wa mbali na kuvunjika kwa vifungo kwenye ncha vinaathiriana kila hatua, na hakuna namba moja unayoweza kuitoa ngazi ya chini ukaikabidhi ya juu. Hapo kuunganisha kwa wakati mmoja hakuepukiki.

Mengine yote yanakwenda kwa kupokezana. DFT inakabidhi vizingiti kwa KMC. DFT au MD inakabidhi vigezo vya elastiki na nishati ya kosa la tabaka. MD inakabidhi kigezo cha ukinzani wa mwendo wa dislokesheni, ambacho kwa shaba kwenye 300 K ni cha kiwango cha 10⁻⁵ Pa·s, kwa DDD. Kila makabidhiano yafanyie jaribio dogo: chukua tukio moja ambalo ngazi zote mbili zinaliweza, kama dislokesheni moja iliyonyooka chini ya mkazo uleule, ulinganishe kasi.

Makabidhiano huvunjika kwa vipimo kuliko kwa fizikia. LAMMPS kwenye `units metal` huandika mkandamizo kwa bari, ParaDiS hutaka paskali, na kosa hapo ni la mara 100,000. Quantum ESPRESSO huandika nishati kwa Ry (Rydberg), ambayo ni 13.606 eV. Eneo jingine ni joto: vigezo vya elastiki vya DFT ni vya 0 K, na kuviweka kwenye DDD ya 300 K kunaifanya shaba iwe ngumu kidogo kupita kiasi.

Kwa tasnifu ya uzamili, ngazi mbili zinatosha: DFT na KMC kwa mapengo na atomu za kigeni, MD na DDD kwa dislokesheni. Ngazi tatu zinahitaji mtu wa pili. Swali likizidi mashine uliyo nayo, iwe ni Chuo Kikuu cha Dodoma au popote, kabla ya kuomba muda kwenye kompyuta kubwa kama ile ya CHPC Cape Town, endesha kazi yako halisi kwa kori 1, 2, 4 na 8 na uandike muda wa kila moja. Kori 8 zikikupa kasi chini ya mara 5 ya kori moja, kwanza tafuta kinachokwamisha: kisanduku kidogo mno kugawanywa, kumbukumbu inayogombaniwa, au faili zinazoandikwa kila hatua. Kori 240 za huko zitarithi tatizo hilohilo.